Benz Limelala Usiku: Tafuta Upepo Unakotokea Kabla ya Kununua Kompresa

Jioni umeliegesha Benz lako uani likiwa limesimama sawasawa. Alfajiri unatoka, unakuta pua imelala upande wa kulia, tairi limezama ndani ya bodi, bampa linakaribia kugusa changarawe. Unawasha injini, kompresa, ile pampu ya umeme inayojaza upepo kwenye saspensheni, inavuma kule mbele, baada ya muda gari linanyanyuka na unaondoka. Wiki mbili baadaye linanyanyuka kwa kusuasua. Mwezi wa pili halinyanyuki tena, na fundi anakwambia, "Haji, kompresa imekufa, tutafute nyingine."

Haji anatafuta nyingine. Baada ya miezi michache nayo inakufa.

Kisa hiki nimekiona mara nyingi kuliko kingine chochote tangu nianze kushika magari haya hapa Katwe, Kampala, na hadi leo kinaniuma. Fedha zilizokwenda kwenye kompresa mbili zingekuwa zimeshanunua shokapu ya upepo, ile yenye mpira uliojaa hewa unaobeba gari mahali pa springi, na shokapu hiyo ndiyo iliyokuwa ikivuja tangu siku ya kwanza. Kompresa ya saspensheni haikuundwa kufanya kazi mfululizo kama ile ya fundi wa tairi. Imeundwa kufanya kazi kidogo, ipumzike, ipoe. Kukiwa na tundu mahali, inalazimika kujaza upya kila asubuhi, halafu kila baada ya kilomita chache, mpaka ringi ya pistoni inaisha au mota inaungua. Kwa hiyo ukikuta kompresa imekufa, umepata kilichouawa tu. Kilichoua bado kimo ndani ya gari.

Na huku kwetu kompresa ina mzigo wa ziada ambao watu hawaufikirii. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda Kabale unaenda juu zaidi. Hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo kompresa ileile inavuta hewa kidogo zaidi kwa kila mzunguko na inachukua muda mrefu zaidi kujaza. Tundu ambalo gari lingelivumilia pwani, huku juu linaichosha kompresa mapema.

Magari ninayoyasema, na jinsi ya kujua lako lina nini

Nazungumzia zaidi Mercedes S-Class W220 (1998 hadi 2005) na E-Class W211 (2002 hadi 2009), Range Rover P38 (1994 hadi 2002) na L322 iliyoifuata hadi 2012, pamoja na Discovery 3. Kutoka Japani kuna Toyota Celsior, na Harrier zile zilizotoka na saspensheni ya upepo. Tangu 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa, kwa hiyo W220 na P38 hazitaingia tena. Zilizomo nchini ndizo zilizomo, na kila inayotupwa kwa sababu ya kompresa ni moja pungufu.

Usidhani kila W211 ina upepo. Nyingi zilitoka na springi za kawaida, nyingine zina upepo nyuma tu, nyingine pande zote nne. Angalia vitu viwili. Kwenye dashibodi, je, kuna swichi yenye picha ya gari na mshale wa kupandisha? Kisha geuza usukani mpaka mwisho, piga tochi nyuma ya tairi la mbele: ukiona koili ya chuma, hapo hakuna upepo, ukiona mpira mnene mweusi ulioviringika juu ya shokapu, huo ndio mpira wa upepo.

Kuna mtego mmoja. S600 na baadhi ya Benz nyingine za bei ya juu zina mfumo unaoitwa ABC, ambao Mercedes waliuanza mwaka 1999. Huo si wa upepo. Ni wa mafuta, una koili za chuma, pampu yake inaendeshwa na injini, na shinikizo lake linafika karibu baa 200. Ukiona koili na wakati huohuo kuna chupa ya mafuta ya kijani yenye paipu nene za chuma zinazoelekea kwenye magurudumu, usilegeze nati yoyote kwa kujaribu. Mafuta yanayotoka kwa shinikizo hilo yanapenya ngozi. Land Cruiser 100 yenye kitufe cha kupandisha nayo ni ya mafuta, si ya upepo. Mambo yanayofuata hapa hayahusu magari hayo.

Kabla hujaingiza kichwa chini

Gari lililobebwa na upepo linaweza kushuka ghafla, tena bila injini kuwaka, kwa sababu kompyuta yake hubaki macho kwa muda baada ya kuzima. Najua kijana aliyenusurika kwa sababu tu tairi la akiba lilikuwa limelazwa chini ya gari karibu naye. Chomoa relei (swichi ya umeme inayoiwasha kompresa) au fyuzi yake, weka stendi za chuma chini ya bodi, si jeki pekee na si matofali, ndipo uingie.

Linalala usiku

Hii ndiyo dalili kuu, na ndiyo inayosomwa vibaya zaidi.

Jambo la kwanza ni kupima. Jioni, gari likiwa kwenye sehemu tambarare, chukua futi ya fundi nguo au ya seremala, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu ya tairi. Fanya hivyo kona zote nne, andika. Kisha chomoa fyuzi ya saspensheni, funga gari, usiliguse hadi asubuhi. Pima tena.

Kwa nini uchomoe fyuzi? Kwa sababu gari lenyewe linadanganya. Range Rover ikiegeshwa, kompyuta yake huamka kila baada ya saa kadhaa, inapima kona zote, na ikikuta moja imeshuka inazishusha nyingine tatu zilingane nayo. Asubuhi mwenye gari anakuta limelala lote, anaamini kona zote nne zimeharibika, anaanza kutafuta fedha za mipira minne, kumbe unaovuja ni mmoja tu. Benz nayo ikihisi mlango umefunguliwa inaweza kuanza kujisawazisha. Bila fyuzi, kila kona inabaki na siri yake, na asubuhi inayovuja inajulikana.

Kona moja ikishuka peke yake, mshukiwa wa kwanza ni mpira wa kona hiyo, wa pili ni mahali paipu inapoingia juu ya shokapu. Zikishuka kona mbili za ekseli moja kwa kipimo kinachokaribiana, au zote nne polepole, anza kushuku bloku ya vali, ile sehemu inayogawa upepo kwenda kila gurudumu.

Sasa tafuta tundu lenyewe. Sabuni ya maji kwenye chupa ya kupulizia, maji kidogo, basi. Rudisha fyuzi, nyanyua gari, chomoa tena, puliza sabuni. Anza juu, pale paipu inapoingia, halafu shuka kwenye mkunjo wa mpira, maana hapo ndipo mpira hujikunja na kujikunjua kwa kila tuta unalopita. Tundu kubwa hutoa povu mara moja. Tundu dogo linahitaji uvumilivu: puliza, subiri dakika tano, angalia kama povu jeupe jembamba limejikusanya kama mate. Zima redio na sikiliza. Nawaambia vijana wangu waifanye kazi hii asubuhi mapema, kabla nyundo za Katwe hazijaanza.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi hulikosa hapa. Ufa kwenye mkunjo huweza kufunguka gari likiwa kwenye kimo fulani tu. Ukilipandisha juu kwa ajili ya kupima, sehemu iliyochanika inahama kutoka kwenye mkunjo, inabanwa, haivuji, na wewe unatangaza mpira ni mzima. Pima likiwa juu, pima likiwa kimo cha kawaida, na ukiweza pima likiwa chini. Nimewahi kuipa shokapu cheti cha uzima, nikabadilisha paipu na bloku ya hajati mmoja wa Bombo, na gari likaendelea kulala hadi nilipopulizia sabuni likiwa kimo chake cha kawaida. Nilimrudishia fedha za bloku.

Kama mpira na maungio yake hayatoi povu kwa kimo chochote, nenda kwenye bloku ya vali. Kwenye Benz iko mbele pamoja na kompresa, nyuma ya plastiki ya ndani ya gurudumu. Puliza sabuni kwenye kila paipu inapoingia. Kisha puliza kwenye tundu la kutolea upepo la kompresa gari likiwa limezimwa: likitoa povu, vali za ndani hazifungi. Vali moja isipofunga, upepo wa kona moja hupenya kwenda kona nyingine, na unaweza kuona upande mmoja ukishuka na mwingine ukipanda kidogo bila mtu kugusa kitu.

Paipu zenyewe ni za plastiki ngumu. Zinapovuja kwenye ungio, mara nyingi ni kwa sababu mtu alizichomoa na kuzirudisha zikiwa na mkwaruzo. Kata milimita chache za mwisho kwa wembe mkali, mkato ulionyooka, ingiza upya kwa ungio jipya. Usizibe kwa gundi wala kwa utepe mweupe wa fundi bomba. Ungio la shaba halihitaji nguvu ya mkono mzima. Ukilikaza kama nati ya gurudumu linapasuka.

Kompresa inavuma muda mrefu, gari linapanda kwa taabu

Kama umeshathibitisha hakuna uvujaji, au umeshautibu, ndipo kompresa yenyewe inastahili kuangaliwa. Ndani yake kuna vitu vitatu vinavyochoka: ringi ya pistoni, kikaushio, na kichujio cha hewa.

Kikaushio ni chupa ndogo yenye chembe za silika zinazonyonya unyevu. Hewa inayoingia hupita humo na kuacha maji yake. Gari linaposhuka kwa kawaida, upepo hurudi kupitia chembe hizohizo ukiwa mkavu, unazikausha, unatoka nje na unyevu wake. Ni mpango mzuri sana wa wahandisi. Lakini tazama kinachotokea kukiwa na tundu kwenye shokapu: upepo unatokea kwenye tundu, haurudi kamwe kupitia kikaushio, na kompresa inaendelea kuvuta hewa mpya yenye unyevu kila siku. Chembe zinajaa maji, zinavunjika kuwa unga, unga unaingia kwenye bloku ya vali na kuzuia vali kufunga. Tundu moja la mbele kulia limezaa ugonjwa wa bloku, ugonjwa wa kompresa, na huenda ukaanza kuona kona ya nyuma kushoto nayo ikishuka. Ukifungua kikaushio ukakuta unga au uji badala ya chembe kavu, badilisha chembe na usafishe bloku siku hiyohiyo, au unapoteza muda.

Kichujio cha hewa hapa kwetu ni suala la barabara. Ukiendesha nyuma ya lori kwenye vumbi jekundu la maramu, kompresa inavuta kilichopo. Kwenye Discovery 3 kompresa iko chini ya bodi upande wa kushoto na ina kifuniko chake cha plastiki. Kifuniko hicho hupotea gereji; fundi anakitoa, anaona bolti nyingi, anakiacha. Msimu wa mvua ukija, kompresa inaoga matope. Kwenye L322 iko kwenye shimo la tairi la akiba ndani ya buti, imelindwa, ila hakikisha buti lenyewe haliingizi maji.

Kupima nguvu yake, funga geji kwenye paipu inayotoka na uiwashe kwa muda mfupi. Iliyo nzima huvuka baa 10 bila kusita. Ikipanda hadi baa 5 au 6 ikaishia hapo huku ikiwa ya moto, ringi imekwisha. Ringi na silinda huuzwa kama kifurushi cha matengenezo, na kwa mkono mtulivu kazi hii inaokoa kompresa ambayo mota yake bado ina nguvu. Mota ikiwa imeungua, utaisikia harufu kabla hujaifungua. Hiyo usihangaike nayo.

Kompresa kimya kabisa

Anza na betri. Nasema hivi kwa sababu betri dhaifu kwenye W220 au Range Rover huleta taa za kila aina, na saspensheni ndiyo ya kwanza kulalamika. Halafu fyuzi, halafu relei.

Relei inastahili neno zaidi. Ndani yake kuna viunganishi viwili vinavyogusana na kuachana. Kompresa inayofanya kazi kupita kiasi huvichoma mpaka vinashikana. Hapo kompresa inaendelea kuvuma hata gari likiwa limezimwa, hadi iungue au betri iishe. Ukiweka kompresa mpya na relei ya zamani, umeiweka mpya kwenye mdomo wa simba. Relei ni kitu cha bei ndogo. Inapobadilishwa kompresa, nayo ibadilishwe, bila mjadala.

Kama vyote ni vizima, ipe kompresa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa waya mnene wenye fyuzi, kwa sekunde chache tu. Ikiwaka, tatizo liko kwenye waya au kwenye kompyuta iliyoifungia. Kompyuta ikiona gari limechukua muda mrefu kupanda hujifunga ili kuilinda kompresa, na haifunguki mpaka kosa lifutwe kwa mashine inayosoma saspensheni. Vile vidude vidogo vya kupima injini havifiki huko. Kwa Benz tafuta mtu mwenye Star, mashine ya Mercedes yenyewe ya kusoma makosa, na kwa Land Rover mtu mwenye mashine ya Land Rover.

Limeinama, lakini halishuki zaidi

Asubuhi na jioni vipimo ni vilevile, ila upande mmoja uko juu au chini kuliko mwingine. Hapo upepo hauna kosa. Sensa ya kimo ndiyo inayodanganya, au kijiti chake kimevunjika au kupinda. Ni kijiti kidogo kinachounganisha mkono wa gurudumu na sensa, na jiwe moja linatosha kukivunja. Pia kuna watu hukirefusha au kukifupisha makusudi ili gari likae chini lipendeze. Gari likikaa chini, magurudumu hulala kwa ndani, na tairi linaisha ukingo wa ndani huku nje likionekana jipya. Ukiona tairi la namna hiyo, pima kimo kabla ya kulipeleka gari kwenye alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu. Alaimenti iliyofanywa gari likiwa kwenye kimo kisicho chake haina faida.

Linagonga kwenye matuta

Watu wengi huja wakisema, "Fundi, saspensheni ya upepo imekwisha," na ninapoendesha nasikia kishindo cha chuma. Upepo haugongi. Upepo huvuja, hulia kwa mluzi, hushusha gari. Kinachogonga ni kitu kilicholegea: linki za stabilaiza (vijiti vya ile nondo inayozuia gari kulala upande kwenye kona), bushi (mipira ya maungio) za mikono ya chini, boljointi (ungio la duara linaloshika gurudumu), au mauntingi (kishikio) ya juu ya shokapu.

Sikiliza aina ya mlio. Mlio mwepesi wa haraka haraka ukipita kwenye mashimo madogo upande mmoja, shika linki ya stabilaiza kwa mkono uitingishe. Kishindo kimoja kizito unapofunga breki au kuanza kuondoka, angalia bushi kubwa ya mkono unaosukuma mbele na nyuma. Bushi hiyohiyo ndiyo inayoleta usukani kutetemeka ukipunguza mwendo ukiwa kwenye barabara kuu ya Entebbe. Mlio wa kukwaruza unapogeuza usukani ukiwa umesimama ni mauntingi ya juu au boljointi. Boljointi usiichezee. Ikitoka, gurudumu linalala chini ya gari, na barabara ya Masaka yenye malori si mahali pa kujifunzia hilo.

Kwa gari lenye umri wa miaka 20 na zaidi ambalo limeishi Kampala, naona ni sahihi kubadilisha mikono ya chini na linki kabla hata hujagusa shokapu. Gharama ni ndogo, tofauti unaisikia siku hiyohiyo, na shokapu mpya haiteseki kwa mtikisiko wa vitu vilivyolegea.

Gari likiwa halishuki na haligongi, lakini linaruka kama mashua baada ya kila tuta, hapo ni sehemu ya mafuta ndani ya shokapu iliyochoka, na kwenye shokapu za Benz za upepo hiyo haitengenezwi peke yake. Likiwa gumu kama toroli, angalia kwanza waya unaoingia kwenye shokapu. Ukikatika, mfumo huchagua ugumu.

Kubadilisha: ipi ununue

Kuna njia tatu. Mpya kutoka kwa kampuni inayotengeneza kwa kiwango cha kiwandani, kama Bilstein kwa shokapu za Benz, WABCO au AMK kwa kompresa, na Dunlop kwa mipira ya P38. Kuna zilizofanywa upya au kuundwa na kampuni kama Arnott ya Marekani, ambazo kwa maoni yangu zinatosha kabisa kwa gari la umri huu. Na kuna za mtumba pale Kisekka, soko la vipuri la Kampala.

Za mtumba nazinunua kwa sharti. Ukunjue mpira kwa kidole, angalia ndani ya mkunjo chini ya mwanga wa jua. Ukiona nyufa ndogo ndogo kama za udongo mkavu, rudisha, hata muuzaji akiapa ilitoka kwenye gari lililotembea kidogo. Mpira huzeeka hata ukikaa rafu. Na usikubali akujazie upepo mwingi ikiwa mkononi ili akuonyeshe ni nzima: mpira usio na mzigo wa gari unaweza kuruka kutoka mahali pake na kumuumiza mtu. Kompresa ya mtumba siinunui kamwe. Iliondolewa kwenye gari kwa sababu.

Kwa mipira ya Range Rover ya nyuma, na ya P38 pande zote, mambo ni mepesi zaidi kwa sababu mpira na shokapu ni vitu viwili tofauti. Unabadilisha mpira peke yake. Wenye P38 wengine huongeza vali ndogo za tairi kwenye kila paipu, ili gari likilala porini wapate upepo kwa fundi wa tairi na kufika nyumbani. Nimelifanya hilo kwa gari linalokwenda Karuma kila mwezi na mwenyewe ananishukuru.

Kwa Discovery 3, ukitoa kompresa ya Hitachi ukaweka ya AMK, kompyuta inahitaji programu mpya ili iitambue. Uliza kama muuzaji au fundi ana uwezo huo kabla ya kulipa.

Kosa linaloua shokapu mpya siku ya kwanza ni hili: fundi anafunga, anateremsha jeki, gari lote linalala juu ya mpira usio na upepo. Mpira unajikunja vibaya, unabanwa, unachanika. Ijaze kwanza kupitia mashine ya kupimia gurudumu likiwa bado linaning'inia, hakikisha mkunjo umekaa sawa pande zote, ndipo uteremshe polepole.

Kutoa upepo, kuweka koili

Swali hili huulizwa kila siku, na jibu langu linategemea gari. Harrier, Celsior na W211 zilitengenezwa pia na springi za kawaida. Sehemu zake zipo, zilipimwa na kiwanda kwa uzito wa gari lilelile, na mtu anayetaka kulala usingizi bila kufikiria upepo anaweza kubadilisha kwa amani, mradi achukue shokapu, springi na mauntingi za aina moja, si kuokoteza. Taa ya onyo itabaki mpaka kompyuta ielezwe upya.

W220 na Range Rover sizishauri hivyo. W220 ya upepo haikuwahi kuwa na ndugu wa koili wa kawaida. Vifaa vya kubadilishia vinatoka kwa makampuni ya nje, na gari linalobaki ni zito la kuendesha kuliko Benz iliyokusudiwa. Range Rover inapoteza kitu kikubwa zaidi: uwezo wa kunyanyuka. Mtu anayekwenda kijijini Kisoro wakati wa mvua, maramu ikiwa imegeuka utelezi na magurudumu ya malori yamechimba mifereji, zile sentimita chache za kunyanyuka ndizo zinazomfikisha. Kama fedha hazitoshi kwa kona nne, tengeneza inayovuja leo, na weka akiba ya inayofuata. Shokapu za umri mmoja huchoka karibu pamoja, kwa hiyo za ekseli moja ni vizuri kuzibadilisha mbili kwa mara moja.

Baada ya kazi yoyote kati ya hizi, kimo cha gari kisawazishwe upya kwa mashine, ndipo lipelekwe alaimenti. Kisha rudi kwenye ile karatasi ya vipimo. Pima jioni, chomoa fyuzi, pima alfajiri. Namba zikiwa zilezile kona zote nne, rudisha fyuzi na uliendeshe. Baada ya wiki moja ya barabara mbaya, puliza sabuni tena kwenye maungio mapya.